Soma Ubavu wa Breka, Si Uso wa Paneli

Jina unaloliona mbele ya paneli ya umeme ya boti ni jina la aliyekata bati, akalitoboa matundu na kulipaka rangi. Breka zilizoshikwa na bati hilo (vile vikatio vinavyokata umeme vyenyewe ukizidi), swichi, taa ndogo za kuonyesha na baa za shaba za nyuma mara nyingi zimetoka viwanda vingine kabisa. Ndiyo maana mwenye boti anayezunguka madukani na picha ya uso wa paneli kwenye simu, akiuliza "mnayo hii?", hurudi mikono mitupu. Anaambiwa paneli hiyo haitengenezwi tena, ilhali breka yenyewe anayoitafuta pengine bado inatoka kiwandani. Geuza paneli. Namba unayoihitaji iko ubavuni mwa breka.

Naandika kwa ajili ya wenye boti na mafundi wa huku pwani, kuanzia Watamu, Kilifi na Mtwapa hadi Tanga, Unguja na Msasani, ambako boti ya fiberglasi iliyoundwa Marekani inaweza kulala kando ya nyingine iliyoundwa Ufaransa au Afrika Kusini, na duka la vifaa vya boti halipo kila mtaa. Zaidi nitazungumzia umeme wa betri, volti 12 au 24. Umeme wa gatini, ule unaovutwa kwa kebo kutoka nchi kavu, nitaugusa pale unapoweza kuua.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kilichokufa ni breka. Chukua maltimita, iweke kwenye volti za DC, mguu mweusi uguse baa ya hasi. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Sasa washa mzigo wenyewe, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti) au taa, kisha pima pale umeme unapoingia kwenye breka, halafu pale unapotoka, halafu kwenye kifaa chenyewe huko mwisho wa waya. Volti zinapopotea ndipo penye ugonjwa. Kupima bila mzigo ni kujidanganya: waya uliokatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12 kamili, kwa kuwa mita haivuti umeme wowote wa maana. Washa pampu uone zinavyoporomoka.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki: mzigo ukiwa umewashwa, weka mguu mmoja wa mita kwenye skrubu ya kuingilia ya breka na mwingine kwenye skrubu ya kutokea. Unachosoma ni volti zinazoliwa na breka yenyewe. Zilinganishe na za breka jirani yenye ampea zilezile na mzigo unaokaribiana. Usilinganishe ya ampea 5 na ya ampea 20, maana koili ya breka ndogo ina mizunguko mingi zaidi ya waya mwembamba, na kwa asili yake inakula volti zaidi. Jirani akila 0.1 na yako inakula 0.8, midomo ya ndani, inayogusana kupitisha umeme, imeungua. Kwa pampu ya ampea 8, hiyo 0.8 ni wati 6.4 za joto ndani ya kiboksi cha plastiki, na ndilo joto linalogeuza rangi ya plastiki kuwa kahawia kabla ya kitu kingine kuonekana.

Mara nyingi mno utakuta breka ni nzima na ugonjwa ni skrubu iliyolegea au lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya, iliyoota kutu ya kijani. Safisha, kaza, pima tena. Usipulizie mafuta ya kopo ndani ya breka ukitumaini itafufuka. Breka haifunguliwi wala haitengenezwi, na mafuta hayo hunasa vumbi na chumvi palepale midomo inapokutana.

Kuhusu usalama wa mikono yako: chomoa kebo ya umeme wa gatini, usiridhike na kuzima swichi tu. Zima inveta. Kama kuna sola, tenganisha paneli za sola na kidhibiti chaji kwanza, ndipo utoe betri. Ukitanguliza betri, baadhi ya vidhibiti hupokea volti zote za sola bila pa kuzipeleka na kuungua. Kisha toa nyaya za hasi za betri zote. Kumbuka pia kwamba pampu ya ngama yenye boya la kujiwashia kwa kawaida hufungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi kuu, kwa hiyo swichi kuu ikiwa imezimwa bado kuna waya wenye umeme nyuma ya paneli.

Na kuna mtego wa rangi ambao kila fundi wa umeme wa nyumba anapaswa kuujua kabla hajagusa boti ya Kimarekani. Kwenye boti hizo, waya mweusi wa umeme wa gatini ndio wenye moto, mweupe ni nyutro, kijani ni ardhi. Lakini kwenye umeme wa betri wa boti hiyohiyo, mweusi unaweza kuwa hasi, ambao fundi huushika bila wasiwasi. Nyaya mbili nyeusi, nyuma ya paneli moja, moja haina madhara na nyingine inaua. Kwa sababu hiyo kanuni za ABYC, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya boti, zinakubali hasi ya betri iwe ya njano badala ya nyeusi. Ukiona njano umepata boti iliyofungwa kwa uangalifu. Usipoiona, pima kila waya mweusi kwa volti za AC kabla ya kuugusa. Boti za Ulaya zina kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ardhi.

Piga picha nyuma ya paneli, funga karatasi yenye namba kwenye kila waya, kisha toa breka moja tu. Sasa soma.

Ubavuni utakuta jina la kiwanda na namba ndefu ya herufi na tarakimu. Kwenye paneli za Kimarekani, zikiwemo za Blue Sea Systems, breka ya kijiti au ya kubonyeza mara nyingi ni ya Carling. Kwenye paneli za zamani zaidi utakutana sana na Airpax. Boti za Ulaya mara nyingi zina breka za E-T-A ya Ujerumani. Nakili namba yote, hata kile kipande cha mwisho kinachoonekana hakina maana, kwa kuwa ndani ya namba hiyo mna ampea, aina ya skrubu, rangi ya kijiti na, jambo linalosahaulika zaidi, muda breka inaovumilia kabla ya kukata. Mota ya pampu ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake kwa kitambo kifupi. Breka isiyovumilia itakata kila unapoiwasha, nawe utadhani pampu ni mbovu.

Ukitafuta namba mtandaoni na jina la kiwanda lisilete kitu, jaribu jina la mwenye kiwanda wa sasa. Airpax ilinunuliwa na Sensata mwaka 2007. Carling ilinunuliwa na Littelfuse mwaka 2021. Blue Sea Systems iko chini ya Brunswick tangu 2018. Vifaa vingi ni vilevile, ila karatasi zake zimehamia tovuti nyingine. Tafuta kwa wauzaji wakubwa wa vifaa vya elektroniki kabla ya maduka ya boti: duka la boti linauza breka kwa jina la paneli, la elektroniki linaiuza kwa namba ya kiwanda, na mara nyingi kwa bei nafuu zaidi.

Namba ikiwa imefutika kwa chumvi na jua, utategemea vipimo, na hapo kalipa ni rafiki yako. Pima upana wa breka: zile ndogo za Carling za mfululizo wa A, ambazo ndizo nyingi, zina upana wa milimita 19 kwa kila njia moja. Pima kina kutoka bati hadi ncha ya skrubu ya nyuma, maana breka yenye uso uleule inaweza kuwa ndefu zaidi nyuma na ikagusa ubao. Hesabu njia: moja, au mbili zilizofungwa pamoja kwa kijiti kimoja. Kisha angalia skrubu, na hapa tusimame kidogo.

Breka ya Kimarekani mara nyingi ina skrubu ya nyuma ya kipimo cha 10-32, yenye unene wa milimita 4.83 na nyuzi 32 kwa inchi. Ya vipimo vya mita ni M5, unene milimita 5, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 0.8. Sasa piga hesabu: nyuzi 32 kwa inchi ni milimita 0.79 kutoka uzi hadi uzi. Nyuzi zinafanana kiasi kwamba skrubu ya 10-32 itaingia kwenye tundu la M5, itazunguka vizuri, utahisi inakaza kidogo, na utaondoka umeridhika. Lakini imeshikwa na ncha za nyuzi tu. Siku boti ikipiga mawimbi ya kaskazi, italegea, itapata joto, na lagi itaungua. Kinyume chake, M5 kwenye tundu la 10-32 huanza kuingia kisha inagoma. Ukiilazimisha unaharibu shaba. Kwa hiyo ukinunua breka, nunua na skrubu zake, na za zamani usizichanganye nazo kwenye kopo moja.

Skrubu mbili ndogo za mbele zinazoshika breka kwenye bati nazo zina mambo. Huwa ni 6-32 au M3, na urefu wake si wa kubahatisha. Skrubu ndefu kupita kiasi inapenya ndani ya mwili wa breka na kusukuma mtambo. Breka mpya inakuwa haiwaki, au vibaya zaidi, inawaka na haikati. Tumia zilezile zilizotoka, na kama umepoteza moja, kata mpya hadi ilingane na iliyobaki.

Je, ukikosa ya aina ileile? Hapa ndipo madhara mengi yanapoanza, kwa sababu dukani kuna kitu kinachotosha kwenye tundu.

Anza na ampea. Breka inalinda waya, na ikiwezekana mota pia. Haichaguliwi kwa kuwa "ile ya 10 ilikuwa inakata sana, tuweke ya 20". Kama ya 10 ilikuwa inakata, kuna sababu: mfuko wa plastiki umekwama kwenye pampu, au waya umekwanguka mahali. Mota iliyokwama inavuta ampea nyingi bila kuzunguka, na kazi ya breka ni kukata kabla mota haijaungua ndani ya ngama. Kiwango sahihi cha fyuzi kimeandikwa na kiwanda kwenye mwili wa pampu au karatasi yake. Kifuate hicho.

Waya nao una hesabu yake. Pampu ya ampea 8 iliyo mita 6 kutoka kwenye paneli ina mita 12 za waya, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 2.5 za eneo, ukinzani ni kama omu 0.084, na volti zinazopotea ni 0.67, yaani asilimia 5.6 ya volti 12. Kwa waya wa 6 zinapotea 0.28 tu, asilimia 2.3. Kanuni za ABYC zinaruhusu asilimia 10 kwa vifaa vya kawaida, lakini 3 tu kwa taa za usiku za kusafiria, vyombo vya elektroniki, feni ya kutoa mvuke wa petroli na waya mkuu unaolisha paneli. Binafsi pampu ya ngama naiweka kwenye kundi la asilimia 3, maana pampu inayopata volti pungufu inatoa maji pungufu usiku ule ule unapoihitaji.

Breka ya nyumbani, ile ya kubandikwa kwenye reli, watu huiweka kwenye boti kwa sababu ipo kila duka. Imetengenezwa kwa umeme wa AC, ambao kwa hezi 50 hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche huzimika yenyewe kwenye moja ya sifuri hizo. Umeme wa betri haushuki hadi sifuri. Cheche ikishawaka inaendelea hadi breka iivute na kuikata kwa nguvu zake. Soma ubavuni: kama hakuna volti za DC zilizoandikwa, si ya boti. Zile za sola zenye maandishi ya DC ni afadhali sana, na siku hizi zinapatikana kirahisi, lakini angalia alama za + na −. Nyingi zina sumaku ndani inayosukuma cheche kuelekea upande wa kuzimia. Ukizifunga kinyume, sumaku inaisukuma cheche upande usio wake na breka inajichoma. Waya wa kwenda na wa kurudi wa chaji ya betri, ambako umeme unaweza kupita pande zote mbili, usiuwekee breka yenye alama hizo.

Angalia pia kama inafanya kazi kwa joto au kwa sumaku. Ya joto ina kibati cha metali mbili kinachopinda kikipashwa. Ikikaa karibu na injini, mahali penye joto la nyuzi 50, itakata mapema kuliko ilivyoandikwa. Ya sumaku ina koili na chuma kinachosogea ndani ya mafuta mazito, na joto la mahali haliigusi sana. Kama paneli yako ilikuwa na za sumaku na iko sehemu ya moto, usiweke ya joto. Breka za sumaku za DC hutumika sana kwenye mitambo ya betri ya minara ya simu, na CBI ya Afrika Kusini inazitengeneza pia. Umbo lake halitatosha kwenye tundu la paneli yako, lakini breka ukiipa kiboksi chake pembeni itafanya kazi safi.

Injini ya petroli ikiwa ndani ya boti, breka, swichi au fyuzi yoyote iliyo kwenye chumba kimoja na injini au tangi lazima iwe ya aina isiyowasha mvuke wa petroli. Tafuta maandishi SAE J1171 au ISO 8846. Hapa hakuna mbadala.

Swichi za kubonyeza za plastiki nyeusi zenye michoro ya taa na pampu ni rahisi zaidi. Tundu la milimita 21.1 kwa 36.8 ni la Contura za Carling, na kuna nakala nyingi mno zinazotosha kwenye tundu hilohilo. Kifuniko cha mbele cha Contura hung'oka, kwa hiyo ukinunua mwili mpya usio na mchoro unaweza kuhamishia kifuniko chako cha zamani. Nyuma kuna ndimi za milimita 6.3 zenye namba. 7 na 8 kwa kawaida ni za taa za ndani. Nakala huzipanga vingine, na ukifuata picha ya swichi ya zamani bila kupima utapeleka chanya moja kwa moja kwenye hasi. Pima kwa mita, swichi ikiwa mkononi, ndimi zipi zinaungana inapowashwa.

Fyuzi za kioo zinawachanganya wengi kwa sababu ya kipimo: za Kimarekani ni milimita 6.3 kwa 32, na nyingine nyingi ni 5 kwa 20. Mtu akikosa ile ndefu hubana fupi kwa karatasi ya sigara, na hiyo karatasi sasa ndiyo fyuzi. Afadhali ubadilishe kishikio kizima uweke cha fyuzi bapa za gari, ambazo zinauzwa hadi kwenye vituo vya mafuta: kahawia hafifu ni 5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Kwenye boti chagua zilizozibwa pande zote.

Taa ndogo za kuonyesha zikifa, wala usihangaike kuzitafuta zilezile. Weka LED ya kawaida na rezista. Kwa volti 12, ambazo alteneta huzipandisha hadi 14.4, toa 2 za LED, zinabaki 12.4, kwa miliampea 10 unahitaji omu 1,200 ya robo wati. Kwa volti 24 weka omu 2,700, na iwe ya nusu wati, maana inabeba karibu wati 0.27 na ya robo itaungua taratibu.

Fyuzi kuu ndiyo spea ambayo sikubali ibahatishwe. Betri kubwa ikipata shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea, na fyuzi isiyo na uwezo wa kukata kiasi hicho itayeyuka huku umeme ukiendelea kupita. Fyuzi ya aina ya ANL ina uwezo wa kukata ampea 6,000 kwa volti 32. MRBF, ile ndogo inayokaa juu ya nguzo ya betri, 10,000 kwa volti 14. Class T 20,000. Betri za lithiamu weka Class T. Zile nakala za bei ndogo zenye kidirisha cha plastiki zinazouzwa kwa ajili ya muziki wa gari hazisemi uwezo wake wa kukata, na kwa sababu hiyo ziache hukohuko kwenye muziki. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri. Kanuni inaruhusu hadi mita 1.83 kama waya umetoka moja kwa moja kwenye nguzo ya betri na umevishwa bomba la kuukinga njia nzima.

Umeme wa gatini kwa kifupi. Boti ya Kimarekani ina paneli ya volti 120 kwa hezi 60. Kenya ni 240 na Tanzania ni 230, hezi 50. Kubadilisha breka hakubadilishi vifaa. Hita ya maji ya volti 120 ikipewa 240 inatoa joto mara nne ya ilivyoundwa. Chaja yenyewe isome kama imeandikwa 100 hadi 240. Breka kuu ya gatini ni ya njia mbili, inakata moto na nyutro pamoja; usiibadilishe kwa ya njia moja, kwa kuwa soketi ya gatini ikiwa imefungwa kinyume, nyutro yako ndiyo yenye moto.

Mahali pa kununulia: Kariakoo, Luthuli ya Nairobi na Darajani utapata fyuzi, rezista, LED, swichi na breka za sola. Breka zenyewe za paneli ni za kuagiza, na wengi huzipitishia Dubai kwa kuwa mizigo kutoka huko ni ya kila siku. Agiza mbili za kila ampea unayotumia, maana usafiri unaweza kuzidi bei ya breka. Lagi na nyaya pia zinahitaji macho. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: waya mzuri wa boti ni wa shaba uliopakwa bati, mweupe nje na mwekundu ndani. Ukiona mwekundu nje na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Breka iliyonunuliwa sokoni ijaribu kabla ya kuifunga. Taa ya gari ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6. Breka ya 5 ikibeba taa moja lazima ishike bila kukata. Ongeza hadi nne, karibu ampea 18, lazima ikate ndani ya sekunde chache. Ukihesabu hadi 60 na bado taa zinawaka, hiyo ni swichi iliyovaa nguo za breka.

Kwenye kufunga, tumia lagi za duara, si za uma, zilizobanwa kwa koleo lake, na juu mpira wenye gundi unaonywea kwa moto. Kama waya ukiuchuna unatoka mweusi, endelea kukata hadi upate shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki, hata uibane vipi. Skrubu moja isibebe lagi zaidi ya nne. Kaza kwanza, ndipo upake grisi nyembamba ya silikoni juu, si kabla. Vuta kila waya kwa mkono. Washa mizigo yote kwa dakika 15, kisha zima, toa hasi ya betri, na uguse kila skrubu kwa kidole. Ile yenye joto kuliko wenzake ifunguliwe na kufanywa upya.

Mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika, nyuma ya mlango wa paneli, namba kamili ya kila breka, ampea zake, unene wa waya wake na aina ya skrubu. Kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, chini yake, weka breka moja ya akiba ya kila ampea na skrubu zake nne, fyuzi kuu moja, fyuzi bapa tano za kila rangi unayotumia, lagi ishirini na mita tatu za waya wa pampu.